Wanaiua Sikinde na Msondo kwa besi

Kuna kajitabia kameibuka kwa vijana fulani wa Kinondoni na Temeke. Wanachukua rekodi za Sikinde, au za Msondo tangu enzi za NUTA Jazz, wanazipitisha kwenye programu, kisha wanazirusha YouTube wakijinadi eti wamesafisha sauti.

Wamesafisha nini? Mkwaruzo wa tepu umeondoka kweli, ila na matoazi yameondoka nao. Besi imepandishwa mpaka tumba hazisikiki, na gitaa la ridhimu limemezwa kabisa. Halafu jina la chaneli linatajwa katikati ya solo. Katikati ya solo jamani!

Pale RTD bendi ilipiga yote kwa mkupuo, maikrofoni chache, tepu inazunguka. Kumiksi kulifanyika palepale: saksafoni ikisikika kwa mbali, ujue mpulizaji kasimama mbali. Vyombo vimeshikana kwenye tepu moja. Ukivuta kimoja, umeburuta vyote.

Na dogo wa miaka 20 akikutana na hiyo kwanza, kwake ndiyo Sikinde. Kama wanajiamini, waweke na ile yenye mkwaruzo pembeni, watu wachague.