Tuizungumze Selimundu Kabla ya Pete



Likizo iliyopita, sisi waseminari tutokao Mtwara tulifuatana na katekista kutembelea jumuiya ndogo ndogo za kigango kimoja, karibu na pale Mto Ruvuma unapoingia Bahari ya Hindi. Katika nyumba moja tulimkuta mtoto wa miaka minne, vidole vimevimba, macho ya njano, akilia kila akiguswa. Kaka yake aliugua vivyo hivyo, na walishamzika. Mama yao alituuliza: "Wanangu, nimemkosea Mungu nini?" Majirani walikuwa na jibu lao: uchawi wa ukoo wa mama. Sisi, tuliosoma falsafa mwaka mzima, tulikaa kimya. Mtoto alipopelekwa hospitali akapimwa, ilionekana ana selimundu, ile wengi wanayoiita sikoseli.

Ukimya ule umetusukuma kuandika.

Ndani ya chembe nyekundu za damu mna protini iitwayo himoglobini, inayobeba oksijeni. Mojawapo ya minyororo yake ina viungo 146 vya asidi amino. Kwa mwenye selimundu, kiungo cha sita tu ndicho kilichobadilika. Badiliko hilo dogo huifanya chembe ijikunje kama mundu, izibe mishipa na kuleta maumivu makali. Anayerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, na tena hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Anayelirithi kwa baba na kwa mama ndiye anayeugua, na kwake yeye malaria ni hatari zaidi.

Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba hali hiyo ilikuwa nyingi kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, na haba kwa watu wa nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba sababu ni malaria. Kwetu, penye mikoko, mabonde ya mpunga na mbu, tusishangae. Mababu waliobeba badiliko hilo waliokoka homa, wakatuachia ngao yenye makali pande mbili.

Kwa hiyo hakuna aliyerogwa, wala ukoo wa mama pekee haubebi lawama, kwani baba naye amechangia sawasawa. Si alama ya kabila pia. Selimundu iko pande zote mbili za Ruvuma, iko Arabuni, India na Ugiriki. Yesu alipoulizwa juu ya kipofu wa tangu kuzaliwa, alikataa kabisa kwamba ni dhambi yake au ya wazazi wake.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Maoni yetu ni haya: mafundisho ya ndoa parokiani yawe na kipindi kimoja juu ya selimundu, kifundishwe na mhudumu wa afya, na wachumba wahimizwe kupima. Tena somo lianze mapema, kwa vijana wa kipaimara na VIWAWA. Mahari ikishatolewa na tangazo la kwanza likisomwa kanisani, ni nani atathubutu kuuliza?

Wapo wenzetu wanaohofu kwamba kipimo kitageuka kizuizi cha ndoa. Hofu yao ina msingi, nasi tunaipokea. Kanuni ya 1058 ya Sheria za Kanisa inasema kila asiyekatazwa na sheria anaweza kufunga ndoa, na selimundu haimo katika vizuizi. Basi paroko asidai kuona majibu. Lakini kanuni ya 1063 inawataka wachungaji wawaandae wachumba, na kuwaficha jambo zito kama hili si kuwaandaa.

Wakikuta wote wawili wamebeba badiliko hilo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Wa kwanza akiugua, haina maana watatu wanaofuata wamesalimika. Wanaweza kuachana kwa amani, au kuoana wakijua. Uamuzi ni wao, na usiwaletee aibu. Wakioana, mtoto apimwe mapema, apate chanjo, alale ndani ya chandarua na ahudhurie kliniki. Dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu, na wengi wenye selimundu wanasoma, wanafanya kazi, wanalea watoto.

Mapadre wetu, makatekista, wazazi: tupeni nusu saa tu katika mafundisho ya ndoa. Likizo ijayo tutarudi kigangoni na mhudumu wa afya. Nyumba ya kwanza tutakayobisha hodi ni ya mama yule, tumpe jibu tuliloshindwa kumpa.