Bukavu: Michezo ya video ipangwe kwa umri wa watoto

Ndani ya vyumba vya michezo ya video mjini Bukavu, kutoka Kadutu hadi Ibanda na Bagira, diski moja inaweza kubeba michezo mingi kuliko mwenyewe anavyokumbuka. Mpira uko humo, mbio za magari ziko humo, vita navyo viko humo, vyote vimerundikwa pamoja. Mtoto akilipa, anachagua anachotaka. Ni nani anamuuliza umri wake?

Huo ni uzembe, na wenye vyumba wanapaswa kuambiwa hivyo.

Ulaya, kasha la mchezo huwa na alama ya umri. Mfumo huo unaitwa PEGI, ulianza mwaka 2003, na namba zake ni 3, 7, 12, 16 na 18. Michezo ya mpira ya FIFA ina alama ya 3. GTA San Andreas, uliotoka mwaka 2004, una alama ya 18. Lakini mchezo ukinakiliwa kwenye diski, kasha linabaki nyuma na alama yake. Kinachofika Bukavu ni faili tupu. Basi anayepanga diski ndiye anayepaswa kuirudisha alama hiyo.

Wenye vyumba hujitetea kwamba ni kazi ya mzazi kuchunga mtoto wake. Mzazi gani? Tangu M23 walipoingia mjini Februari 2025, kuna familia za wahami wa vita zinazoishi kwa jamaa, na mama anatoka asubuhi kutafuta chakula cha siku. Mtoto aliyekimbia risasi kule Kalehe anakwenda kusahau kidogo mbele ya televisheni, na hapo anakuta tena risasi, huku wakubwa wakimshangilia.

Wako wanaotaka vyumba hivi vifungwe vyote. Nao wanakosea. Nafasi za watoto kucheza ni chache, na mechi moja ya mpira inamkutanisha haraka mtoto wa mhami na mwenyeji. Ukifunga mlango, watoto watabaki barabarani.

Folda tatu zinatosha: ya watoto wote, ya miaka 12 na zaidi, na ya watu wazima. Hiyo ya tatu iwe kwenye diski yake, ifungiwe mpaka watoto waende nyumbani. Orodha iandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa mlangoni, mzazi aisome hata umeme ukikatika. Kazi hiyo inahitaji muda kidogo tu, haihitaji pesa nyingi.

Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Wazazi na wakuu wa kata waende wenyewe kuomba kuonyeshwa orodha. Mwenye chumba anayejua kuhesabu dakika za mtoto ili alipwe, hashindwi kumuuliza ana miaka mingapi.