Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: mkopo usio na riba unavyoifunga nyumba

Kwa Gavana,
Benki Kuu ya Tanzania,
Dodoma.

YAH: KUHAMISHA MIKOPO YA NYUMBA KWA WENYE MADENI YASIYO NA RIBA

Mheshimiwa Gavana,

Wilayani Mbinga na Nyasa, kuanzia mashamba ya kahawa ya milima ya Wamatengo hadi Lituhi, Liuli na Mbamba Bay kwenye mwambao wa ziwa, fedha isiyo na riba inasifiwa na kila mtu. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo kisheria haina riba. Waajiri wanatoa karadha ya mshahara. Vyama vya msingi vinatoa pembejeo ambazo mkulima hukatwa baada ya mavuno. Sina ugomvi na mikopo hiyo, na mimi ninayemjua vizuri mnunuzi wa magoma, anayemlipa mkulima bei ya kutupa kwa kahawa iliyo bado mtini, najua pia halmashauri imemwokoa nani. Ninachokuandikia ni hesabu ambayo mkopaji haonyeshwi siku anaposaini: deni lisilo na riba linaweza kumzuia kuhamisha mkopo wake wa nyumba kwenda benki yenye riba nafuu, hata pale uhamisho huo ungempunguzia mzigo.

Chukua mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 900,000. Utaratibu wa utumishi unataka abakiwe na theluthi moja, yaani 300,000. Ukitoa kodi, pensheni na bima ya afya, nafasi yake ya kurejesha mikopo ni kama 435,000 kwa mwezi. Tuseme nyumba yake ya Mbinga mjini imewekwa dhamana kwa deni la milioni 25, lililobakiza miaka 15 kwa riba ya asilimia 19. Rejesho lake ni kama 421,000, na linaingia. Sasa benki nyingine iko tayari kuununua mkopo huo kwa asilimia 16. Rejesho lingeshuka hadi kama 367,000, na mwaka wa kwanza peke yake angeokoa riba inayokaribia 750,000. Lakini pia ana mkopo usio na riba, milioni 3 za kulipa ndani ya miezi 12, sawa na 250,000 kila mwezi, anazozitoa kwenye faida ya duka. Afisa mikopo wa benki mpya akilihesabu deni hilo dhidi ya mshahara, 367,000 na 250,000 zinazaa 617,000. Ombi linakataliwa. Anabaki kule kule, akilipa 421,000 na 250,000 zile zile, yaani 671,000, kwa sababu 617,000 zimeonekana kumzidi uwezo.

Tatizo haliko kwenye riba, liko kwenye muda. Anayetoa fedha bila riba anataka irudi upesi, kwa hiyo rejesho linakuwa nene. Milioni 3 hizo hizo, zingekopwa kwa asilimia 16 na kulipwa kwa miaka minne, zingekuwa na rejesho la kama 85,000. Mkopaji angepoteza zaidi ya milioni moja kwa riba, na bado mbele ya benki angeonekana ana nafasi kubwa kuliko mwenzake aliyekwepa riba. Ukipima kwa mkopo mpya wa nyumba wa miaka 15 kwa asilimia 16, nafasi ya 435,000 inabeba kama milioni 29 na nusu. Ukiondoa 250,000 inabaki milioni 12 na nusu. Ukiondoa 85,000 inabaki karibu milioni 24. Kwa kipimo hiki, mwenye busara ndiye anayeadhibiwa.

Uingereza walikutana na jambo hili mapema kwa sababu kadi za mkopo zenye miezi kadhaa bila riba zimeenea huko. Tangu kanuni za mwaka 2014, mtoa mkopo wa nyumba anatakiwa kupima kipato dhidi ya madeni na matumizi ya lazima, na salio la kadi linahesabiwa hata kama kwa sasa halitozwi kitu. Matokeo yake, maelfu ya watu waliokuwa wakilipa vizuri walikwama kwenye mikopo ghali. Oktoba 2019 mamlaka ya huko ya usimamizi wa fedha ililegeza kipimo: mwenye nyumba asiye na malimbikizo, asiyeongeza fedha na asiyehama nyumba, apimwe kwa kulinganisha mkopo mpya na ule wa zamani. Waliofaidika hawakuwa wengi, kwa kuwa benki ziliruhusiwa tu, hazikulazimishwa. Hilo nalo ni somo kwetu.

Najua jibu la kwanza litakalotoka kwa wenye benki: tahadhari. Mbinga haina haja ya kuhubiriwa tahadhari. Mbinga Community Bank ilifutiwa leseni na ofisi yako Mei 2017 kwa upungufu wa mtaji, na watu wa hapa walijifunza kwa amana zao kwamba benki legevu haimsaidii mnyonge. Lakini mtu anayehama kutoka 421,000 kwenda 367,000, kwa nyumba ile ile na kipato kile kile, haongezi hatari katika mfumo. Anaipunguza. Benki inayompokea inapata mteja ambaye historia yake ya malipo tayari imo kwenye kanzidata ya taarifa za wakopaji, iliyowekwa kwa kanuni zenu za 2012 ili mlipaji mwema atambulike.

Jibu la pili ni kwamba mkopaji asubiri miezi 12, amalize deni lake lisilo na riba, ndipo ahame. Kwenye karatasi ni sawa. Ila kusubiri huko kunamgharimu hizo 750,000, wakati riba aliyoikwepa kwa milioni 3 za mwaka mmoja haifiki 300,000. Na wengi hawachukui mkopo mmoja wakaishia hapo, kwa sababu kipato cha huku kina vipindi. Kahawa inavunwa kati ya Mei na Septemba. Dagaa wa Nyasa huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitego inapumzika, na upepo wa mwera ukivuma mitumbwi haitoki. Muuza duka wa Mbamba Bay anapouza kidogo kwa sababu wateja wake hawakuvua, anajaza pengo kwa mkopo mwingine mfupi. Ukimwambia asubiri hadi asiwe na deni lolote fupi, umemwambia asihame kabisa.

Wapo pia watakaosema wenye mikopo rasmi ya nyumba ni wachache, jambo hili si la Mbinga. Ni kweli wachache. Lakini mkopo wa biashara au wa ujenzi uliowekewa nyumba dhamana unapimwa kwa jicho lile lile, na mwenye hakimiliki ya kimila aliyeambiwa hati yake ni mtaji atakuta mlango huo huo. Tena kuna jambo la ajabu: Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani, ila deni fupi linaloifunga nyumba hiyo kwenye riba kubwa huchukuliwa bila mwenzi kujua.

Naomba mambo mawili, yote yaliyo ndani ya mamlaka yako. Kwanza, toa mwongozo unaozilazimisha benki, pale zinaponunua mkopo wenye dhamana ya nyumba bila kuongeza fedha na mkopaji hana malimbikizo, zilinganishe rejesho jipya na la zamani, na deni fupi lililobakiza chini ya mwaka lisiwe sababu ya kukataa. Pili, Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za 2019 zinadai mkopaji aelezwe gharama. Ongezeni rejesho la mwezi na sentensi moja inayosema deni hili litahesabiwa atakapoomba mkopo mwingine, hata kama riba ni sifuri. Kwa mikopo ya halmashauri, ambayo haiko chini yako, zungumza na wenzako wa TAMISEMI fomu zao zibebe sentensi hiyo kabla ya dirisha lijalo la maombi.

Wako,
Mkazi wa Mbinga