Mgeni na Kikoi Chake



Jioni moja mtaani Buyenzi, hapa Bujumbura, kijana aliyetoka milimani alihudhuria karamu ya jirani, amevaa kikoi kwa mara ya kwanza. Aliposimama kupokea sahani ya pilau, kikoi kikalegea. Wenziwe wakacheka. Akaiweka sahani chini, akaondoka. Kwa majuma mawili hakuonekana barazani.

Kosa halikuwa lake. Kikoi hakina kifungo wala mshipi. Hushikwa na ufundi wa mikono, na ufundi hufundishwa. Yampasa mwenyeji amwite mgeni chumbani kabla ya watu kukusanyika, amwelekeze: akizungushe kiunoni, ncha moja ilale juu ya nyingine upande wa mbele, akivute mpaka kikaze, kisha aukunje ukingo wa juu kwa nje mara tatu au nne. Hatimaye achutame, asimame, atembee hatua chache.

Waskoti nao wana nguo yao ya kiunoni, kilti. Sheria iliyopitishwa mwaka 1746 iliwakataza kuivaa wanaume wa Uskoti wasiokuwa askari, hadi ilipofutwa mwaka 1782. Wao walizuiwa kwa sheria. Sisi tusiwazuie wageni wetu kwa kicheko.

Kijana yule alifuatwa na mzee mmoja hadi nyumbani. "Mwanangu," alimwambia, "changu pia kiliwahi kuanguka." Siku ya Idi walikuja pamoja, vikoi vimekaza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.