Nguo za mtoto zikauke, makala yabaki nje

Mama wenzangu, mvua imerudi na kamba zimejaa nguo zisizokauka. Sisi wa Butembo tunajua zaidi: mji wetu uko juu, karibu mita 1,700, na kuanzia Septemba jua linaweza kuonekana asubuhi kisha likajificha mpaka kesho. Wa Beni wana joto kutuzidi, ila mvua yao nayo haina adabu. Basi mwenye mtoto mchanga anafanya nini na vitambaa vya mtoto vilivyolowa? Anaingiza mbabula chumbani, anaizungushia viti, anatandaza nguo juu ya viti, anafunga mlango ili joto lisitoke. Asubuhi nguo zimekauka. Taabu ni kwa wale waliolala humo.

Makala yasiyotoa moshi ndiyo yanayotudanganya. Tunaiacha mbabula nje mpaka moshi uishe na makala yawe mekundu, halafu tunasema sasa haina neno. Kumbe hewa ya sumu inaendelea kutoka. Waganga wanaiita monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inazunguka bila kubeba kile mwili unachohitaji. Mtu analala usingizi mzito, pengine asiamke. Watoto wachanga na mama wenye mimba wako katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu aliye tumboni anaishi kwa damu ya mama yake.

Wengi tumesikia habari za mazuku ya upande wa Goma. Ile ni hewa nyingine, inatoka ardhini na kujikusanya mahali pa chini. Hii ya makala inajaa chumba kizima, juu na chini, kwa hiyo kumlaza mtoto kitandani hakumkingi.

Najua kwa nini tunafunga. Baridi ipo, wezi wa nguo wapo, na tangu mauaji yalipoanza Beni mwaka 2014, nani atamwambia mama alale na dirisha wazi? Mimi simwambii. Ninasema hivi: ikiwa nyumba lazima ifungwe, mbabula isiingie. Mama aliyetoka kuzaa apashwe joto kwa blanketi, kwa chai ya moto, kwa mtoto kulala kifuani pake ngozi kwa ngozi. Bibi zetu watanung'unika kidogo, tuwavumilie.

Dalili zake zinafanana na malaria: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kulegea. Angalieni kama mwili hauna homa, kama wote wa chumba kimoja wanaumwa kwa pamoja, na kama wanapata nafuu wakitoka nje. Hapo fungua milango, toa kila mtu nje, mbebe aliyelegea mpaka kituo cha afya au hopitali penye oksijeni. Mwambie muganga wazi kwamba makala yalikuwa ndani, maana asipojua anaweza kutibu malaria tu. Maziwa na mawese hayaondoi sumu hii. Mama mwenye mimba aende hata kama amejisikia vizuri tena.

Ndugu zetu walio Ubelgiji na Canada wanakausha nguo kwa mashine. Nyingi zina bomba linalopita ukutani na kutoa nje hewa ya moto yenye maji. Zile zinazotumia gesi, bomba likiziba, zinaweza kujaza nyumba sumu hiyohiyo ya mbabula zetu. Hata pasipo moto, maji ya nguo lazima yaende mahali. Nguo za familia zilizokamuliwa kwa mikono zinaweza kubeba lita mbili au tatu. Chumba kikiwa kimefungwa, maji hayo yanaishia ukutani na kwenye godoro, ukungu unaota, mtoto anakohoa.

Kwa hiyo tusingojee Jumamosi tufue vyote. Fueni kidogo kila asubuhi jua likionekana, vitambaa vya mtoto kwanza. Kamueni watu wawili, kila mmoja anapindua upande wake, kisha viringisha nguo ndani ya kitambaa kikavu na kuikandamiza. Kamba ifungwe chini ya bati la baraza, nguo zisigusane, upepo upite. Ikilazimu kuzianika ndani, iwe mchana, madirisha wazi pande mbili, pasipo moto.

Katika parsele zenye nyumba nyingi, kikundi cha mama kinaweza kusimamisha banda moja la kuanikia: miti minne, bati au bashi juu, pande zote wazi. Pangeni zamu ya kulinda, kwa kuwa wezi hawasomi gazeti letu.

Pasi ya makala nayo itumike barazani, kamwe si chumbani. Lakini msiiache, kwa sababu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au chini, na funza wake wanaingia kwenye ngozi ya mtoto. Pasi ya moto inayaua mayai. Pigeni pande zote mbili, na kwenye mishono mkawie.