MASTAA WENYE MVI, ACHENI PIKO, TAFUTENI KINYOZI!

Wadau, kuna staa mmoja wa kitambo wa Bongo Fleva, jina kapuni, kila akipanda jukwaani kichwa kinang'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi. Jasho likianza kushuka, na piko nayo inashuka. Shingo nyeusi, kola nyeusi! Akichekwa anasema anaonewa wivu.

Kaka mkubwa, unajitesa bure. Nywele zinaota kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo wiki 2 tu weupe ushachungulia kwenye mizizi, unarudi kupaka tena. Na piko nyingi zina kemikali inaitwa PPD, wapo inaowavimbisha uso mpaka macho yanafumba. Kisa mvi?

Kinyozi anayejua kazi anamaliza hiyo ishu fasta. Mvi zikiwa pembeni, pembeni pashushwe karibu na ngozi, juu pabaki pafupi. Zikiwa zimetapakaa, piga lowcut kichwa kizima, ndevu nazo zichongwe ziende sawa.

Sasa kasheshe ipo kwa madada. Mwanaume mwenye mvi mnamwita sponsa, mwanamke mnamwandikia "bibi" kwenye komenti. Yule mwigizaji wa Bongo Muvi aliyevua wigi na kuonyesha lowcut yenye mvi mlimtukana siku nzima, wakati ile lowcut imemtoa macho na shingo kuliko mawigi yote aliyowahi kuvaa (na lile la blondi, Mungu anisamehe, lilikuwa janga). Acheni roho mbaya. Wangapi hapo mmezificha chini ya wigi?