Mbona Mfuko wa Dripu Umefunikwa?

Juma hili twaingia wodini. Huenda siku moja mtakwenda kumtazama mgonjwa wenu katika hospitali kubwa, mkaona dripu yaning'inia juu ya kitanda, na mfuko wake umeviringishwa karatasi ya alumini, ile ing'aayo kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Mara maneno huanza: "Wanaficha nini? Au dawa imepitwa na siku?" Na shangazi mmoja hodari hunyosha mkono aibandue, apate kuona maji yamebaki kiasi gani. Shangazi, ngoja kwanza!

Zipo dawa zisizopatana na mwanga. Mwajua wenyewe jinsi kanga mpya ikianikwa juani kila siku inavyopauka. Vivyo hivyo mwanga huvunja baadhi ya dawa, tena si jua peke yake, hata taa. Na dripu hudondoka tone kwa tone kwa saa nyingi, si kama sindano inayokwisha mara moja.

Kwa dawa nyingine hasara ni kupungua nguvu tu. Lakini iko moja iitwayo nitroprusaidi, ambayo madaktari huitumia kuteremsha upesi presha iliyopanda kupita kiasi. Ndani yake mna sianidi, nayo ni sumu, imefungamanishwa na chuma. Mwanga ukiipata, fundo hilo hulegea. Kwa hiyo mfuko hufunikwa mara dawa ikishachanganywa, na hata ukifunikwa hautumiki kupita saa 24. Dawa ikiwa njema ina rangi ya hudhurungi hafifu. Ikigeuka buluu, kijani au nyekundu iliyoiva, hutupwa. Pengine mtaona mpira unaoshuka mkononi umeachwa wazi. Huo si uzembe: mfukoni ndimo dawa nyingi inamongoja.

Furosemaidi nayo, ile ya kuwakojoza waliovimba miguu kwa ugonjwa wa moyo, haipendi mwanga. Maji yake yakiwa manjano hayafai tena.

Basi, kama mnataka kujua maji yamebaki kiasi gani, mwulizeni mwuguzi. Karatasi ikianguka, mwiteni. Msisogeze kitanda dirishani ili mgonjwa "aote jua" bila kumwuliza. Wala msinung'unike kwamba wa kitanda cha pili amewekewa dripu tupu isiyofunikwa: maji ya chumvi na ya sukari hayadhuriki kwa mwanga, kwa nini yavishwe koti?

Na huko nyumbani je? Vidonge vilivyotolewa katika chupa ya kahawia mara nyingi vina sababu ya kukaa humo. Wako wanaovimimina katika chupa nyeupe ya jamu na kuiweka dirishani, ati mzee asisahau kumeza. Mwacheni mzee na chupa yake ya kahawia, ikae kabatini, na mjukuu mmoja apewe kazi ya kumkumbusha.